Anki kwa mtahiniwa wa Kiingereza: hutunza kilichofundishwa, haifundishi

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kumaliza shule huwa na matatizo mawili katika Kiingereza, na mara nyingi tunayachanganya. La kwanza ni kutojua: hajawahi kuelezwa kwamba "despite" hufuatwa na nomino au kitenzi chenye "-ing". La pili ni kusahau: alifundishwa, akafanya zoezi, akapata 9 kwa 10, na miezi minne baadaye anaandika "despite of". Tatizo la kwanza linahitaji mwalimu, kitabu na mazoezi. La pili ndilo ambalo Anki ilitengenezewa, na kwa kazi hiyo moja ni vigumu kupata chombo kinachoishinda. Atakayeiletea tatizo la kwanza atapoteza muda wake, na baada ya wiki tatu atasema programu ni mbovu.

Anki ni programu ya kadi za kujikumbusha. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2006 na Damien Elmes, na jina lenyewe ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Kadi ina swali mbele na jibu nyuma. Mwanafunzi anasoma swali, anajijibu, anafunua jibu, kisha anabonyeza kitufe kimoja kati ya vinne kueleza alivyokumbuka. Akikumbuka, kadi inapangiwa kurudi kesho, halafu baada ya siku chache, halafu wiki, halafu miezi. Akisahau, inarudi baada ya dakika chache na kuanza upya. Wazo hilo ni la zamani: Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi hupungua, na kurudia kwa kupishanisha siku hushikilia jambo kuliko kulirudia mara nyingi kwa mkupuo mmoja. Anki inachofanya ni kukuwekea hesabu ya siku, ambayo hakuna binadamu anayeweza kuifuatilia kwa kadi elfu moja.

Kwenye kompyuta za Windows, Mac na Linux ni ya bure. Kwenye simu za Android toleo lake linaitwa AnkiDroid, nalo ni la bure na linafanya kazi bila intaneti. Kwenye iPhone linaitwa AnkiMobile na linalipiwa mara moja; asiyetaka kulipa anaweza kujisomea kwenye tovuti ya AnkiWeb, ila huko lazima awe na intaneti. Angalia jina kabla ya kupakua, kwa sababu madukani mwa programu kuna nyingine zenye neno "Anki" ambazo si hizi, na kadi za huku hazihamii kule.

Kadi ndiyo kila kitu

Kinachoua matumizi ya Anki mapema kuliko chochote ni kupakua fungu la maneno elfu tano lililotengenezwa na mtu mwingine. Mafungu ya namna hiyo yamejaa mtandaoni, na karibu yote yana neno la Kiingereza mbele na tafsiri nyuma. Yanaonekana kama utajiri. Kwa mtahiniwa ni mzigo, na wakati mwingine ni sumu.

Chukua "make" na "do". Kadi ya tafsiri inasema "make" ni tengeneza, "do" ni fanya. Mwanafunzi anaikariri vizuri kabisa, anaingia kwenye chumba cha mtihani, anataka kusema "kufanya kosa", na anaandika "do a mistake". Kadi haikumdanganya kuhusu neno; ilimdanganya kuhusu jinsi neno linavyoishi. Kiswahili kinatumia "fanya" pale ambapo Kiingereza kinagawa kazi: kufanya uamuzi ni "make a decision", kufanya maendeleo ni "make progress", kufanya zoezi ni "do an exercise", kufanya sherehe ni "have a party". Kinachotakiwa kukaririwa ni jozi. Kwa hiyo kadi inayofaa mbele ina sentensi: "She has started to ____ good progress in mathematics this term." Nyuma: "make". Chini ya jibu, mstari mmoja mdogo: uamuzi, kosa, maendeleo, zote huenda na "make". Basi.

Tukiitazama kadi hiyo kwa karibu tunaona sheria zote tunazozipigania. Sentensi ni fupi, maneno 8 hadi 15. Pengo ni moja. Jibu sahihi ni moja tu. Na neno linalodai jibu hilo, "progress", linaonekana.

Sheria ya jibu moja ndiyo inayovunjwa zaidi. Mtu anaandika "He looked ____ the baby" akitarajia "after". Lakini "at" ni sahihi, na "for" pia ni sahihi. Mwanafunzi anajibu "at", kadi inamwambia amekosa, naye anaanza kuikariri kadi badala ya kukariri Kiingereza. Ongeza kipande kinachofunga milango mingine: "He looked ____ the baby all day, feeding and bathing her." Sasa "after" ndiyo inayokaa. Kila ukitengeneza kadi ya vihusishi, jaribu kujaza pengo kwa jibu lingine. Likikubali, sentensi haijakamilika.

Aina tatu za kadi zinatosha kwa mtihani mzima, na wanaoongeza ya nne na ya tano huishia kuchezea programu badala ya kusoma.

Ya kwanza ni hiyo ya pengo. Ndani ya Anki chagua aina inayoitwa Cloze, andika sentensi nzima, teua neno unalotaka lifichwe, bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja. Inafaa kwa vihusishi ("congratulate someone on", "accused of", "good at"), kwa maneno yanayoandamana, na kwa vitenzi vya maneno mawili kama "put off" na "give up". Kwa vitenzi hivyo ficha maneno yote mawili, na uweke maana kwa Kiingereza rahisi pembeni mwa sentensi, la sivyo mwanafunzi atajaza "postpone" na atakuwa na haki.

Ya pili ni ya kuchapa jibu. Orodha ya aina za kadi inaiita "Basic" ya kuchapa jibu. Mwanafunzi anaandika neno, na Anki inalilinganisha herufi kwa herufi, zilizo sahihi kwa kijani na zilizokosewa kwa nyekundu. Hii ni ya tahajia na uundaji wa maneno peke yake. "Pronounce" huzaa "pronunciation", na ile "o" ya pili hupotea. "Maintain" huzaa "maintenance". "Occur" huongeza "r" katika "occurred". "Government" na "environment" zina "n" ambayo sikio haliisikii. Mbele weka sentensi yenye neno asili pembeni: "Her ____ of English words is clear. Neno: pronounce." Usiitumie kwa sentensi nzima, kwa maana nukta moja iliyosahaulika humletea mwanafunzi wekundu asioustahili.

Ya tatu ni ya kugeuza au kuunganisha sentensi, na hapo ndipo Anki inapolipa zaidi kwa alama za mtihani. Mbele: "The box is so heavy that I cannot lift it. Anza na: The box is too…" Nyuma: "The box is too heavy for me to lift." Kosa tunaloliwinda ni lile "it" linalobaki mwishoni. Halibaki kwa bahati mbaya. Kiswahili hupenda kiambishi cha kitu: siwezi kuliinua, kitabu nilichokinunua. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huihamishia Kiingereza tabia hiyo, ndiyo maana huandika pia "the book which I bought it". Ukijua asili ya kosa, utatengeneza kadi tatu zenye sentensi tofauti zikipiga mahali pale pale, badala ya moja inayotegemea bahati.

Vivyo hivyo na "although". Kiswahili hufurahia kusema "ingawa alikuwa amechoka, lakini aliendelea kufanya kazi". Kiingereza hakiruhusu "although" na "but" kwenye sentensi moja ya namna hiyo. Hapa kuna njia tatu za kuandika kadi, na mbili ni mbaya. Kadi yenye "although" mbele na "ingawa" nyuma haigusi kosa hata kidogo. Kadi yenye sentensi mbovu mbele, "sahihisha: Although he was tired, but he continued", inagusa kosa, ila inamfanya mwanafunzi alisome kosa hilo mara ishirini kwa mwaka, na baada ya muda sikio lake linalizoea. Njia nzuri ni kutoa sentensi mbili: "He was tired. He continued to work. Unganisha kwa although." Nyuma: "Although he was tired, he continued to work." Na mstari mdogo: koma tu, hakuna "but".

Kanuni za sarufi zenyewe zisiwe kadi. Kadi inayouliza "present perfect hutumika lini?" hujibiwa kama shairi na haibadilishi chochote kwenye insha. Weka jozi ya sentensi zinazopingana: "I ____ him yesterday" na "I ____ him twice this week", zote mbili zikitoka kwenye "see". Katika mazungumzo "-me-" yetu haigombani na "jana", lakini "have seen" hugombana na "yesterday", na mwanafunzi huuona ugomvi huo akiwa na sentensi mbili mkononi. Maswali mafupi ya mwishoni mwa sentensi nayo ni ya kadi: "He rarely comes late, ____?" Jibu ni "does he", kwa kuwa "rarely" ina ukanushaji ndani yake. "No sooner had… than" na "Hardly had… when" ziwekwe, lakini zisiingizwe siku moja.

Kadi zitoke wapi

Zitoke kwenye daftari lenye wino mwekundu. Insha ikirudi imesahihishwa, mwanafunzi achague makosa matano, si yote. Kipaumbele kiende kwa kosa lililojirudia, kisha kwa kosa linalofuta maana, kisha kwa lililosalia. Aandike sentensi yake mwenyewe ikiwa sahihi, mwalimu aitazame, ndipo iwe kadi. Hatua hiyo ya mwalimu kutazama isirukwe. Anki haijui Kiingereza. Ikipewa kosa italihifadhi kwa uaminifu ule ule na kulirudisha kwa tarehe sahihi.

Chanzo cha pili ni mitihani iliyopita. Kifungu cha ufahamu kikishajibiwa, mwanafunzi achukue maneno matano hadi nane ambayo yalimzuia kuelewa, pamoja na sentensi zake. Neno lililokutwa ndani ya habari huja na picha. Neno lililookotwa kwenye orodha huja peke yake, na hukaa kidogo.

Mipangilio inayohitaji kuguswa

Anki ikifunguliwa mara ya kwanza imepangwa kuleta kadi mpya 20 kwa siku na marudio yasiyozidi 200. Kwa mwanafunzi mwenye masomo saba au nane, ishirini ni nyingi, na hatajua hivyo wiki ya kwanza kwa sababu wiki ya kwanza huwa nyepesi. Hesabu ya kutumia ni hii: kadi mpya za kila siku, zidisha kwa 10, ndiyo kiasi cha marudio unachopaswa kukiachia nafasi mambo yakishatulia. Kadi mpya 20 ni hadi marudio 200. Kadi mpya 10 ni hadi marudio 100, ambayo kwa sekunde 9 kila moja ni dakika 15. Kadi za kugeuza sentensi huchukua sekunde 20 hadi 30, kwa hiyo hizo zisizidi mbili au tatu mpya kwa siku ndani ya zile kumi.

Mzigo ukizidi, punguza kadi mpya, hata ziwe sifuri. Usipunguze kikomo cha marudio. Wengi hufanya kinyume: huona 140 zinasubiri, wanashusha kikomo hadi 30, na kioo kinaonekana safi. Zile 110 hazikuondoka. Zinazidi kusahaulika kwenye foleni, na mwezi unaofuata karibu kila kadi inakuwa ya kuanza upya.

Toleo la 23.10 na yaliyofuata yana mbinu mpya ya kupanga siku inayoitwa FSRS. Iwashe. Ina namba moja ya kuamua, kiwango cha kukumbuka unachokitaka, na kimewekwa asilimia 90. Kiache hapo. Kupandisha hadi 95 kunasikika kama bidii, lakini marudio huongezeka sana kwa faida ndogo, na muda huo ungeandika insha.

Kuhusu vitufe vinne, mwanafunzi afundishwe viwili: Again akisahau, Good akikumbuka. Tatizo liko kwenye Hard. Kwa Anki, Hard maana yake ni "nimekumbuka, ila kwa tabu". Mwanafunzi anayeona aibu kubonyeza Again hubonyeza Hard aliposahau, programu inaamini amekumbuka, inarefusha siku, na kadi inarudi akiwa hana habari nayo kabisa. Ukikutana na mtu anayelalamika kwamba Anki haimkumbushi kwa wakati, mwangalie vidole vyake kwa dakika tano. Mara nyingi jibu liko hapo.

Kadi ikisahaulika mara 8 baada ya kuwa imeshajulikana, Anki huitia alama ya "leech", yaani ruba. Iheshimu alama hiyo. Kumlazimisha mwanafunzi aendelee kuirudia hakusaidii, kwani sababu huwa ni mojawapo ya mbili: kadi ina majibu mawili, au kuna kadi nyingine inayofanana nayo. Mfano wa pili ni "borrow" na "lend". Kwetu "azima" hubeba pande zote mbili, anayetoa na anayepokea, kwa hiyo maneno haya mawili yakiingia siku moja hugombana kichwani. Simamisha moja, acha "borrow … from" ikae wiki mbili bila mpinzani, ndipo uirudishe "lend … to". Fanya hivyo pia kwa "affect" na "effect", na kwa "rise" na "raise".

Dosari nyingine ni ya kadi za pengo: baada ya marudio kadhaa mwanafunzi huitambua sura ya sentensi, na anajibu kabla hajaisoma. Dalili ni jibu la sekunde moja. Dawa ni kuwa na sentensi mbili au tatu kwa jambo moja, na kubadilisha maneno ya pembeni kwenye kadi iliyozoeleka.

Sauti tutaigusa kidogo. Kama mtihani una sehemu ya kusikiliza au kuongea, kurekodi sauti ndani ya kadi kunawezekana na kunafaa kwa jozi kama "ship" na "sheep" au "full" na "fool", ambazo sikio lililozoea irabu tano huzisikia sawa. Kama mtihani ni wa maandishi tu, ruka.

Kwa mwalimu mwenye darasa zima

Hapa Anki inaanza kuonyesha kwamba haikutengenezewa shule. Hakuna ukurasa wa mwalimu. Huwezi kuona nani amesoma na nani hajafungua programu tangu Jumatatu. Kugawa kadi kunawezekana na kunaenda vizuri, mradi ufuate utaratibu.

Andika kadi kwenye jedwali la kompyuta lenye safu nne: mbele, nyuma, maelezo na lebo. Aina za "Basic" huja na sehemu mbili tu, mbele na nyuma, kwa hiyo kwanza ongeza sehemu ya tatu ya maelezo kwenye aina ya kadi, na uiingize kwenye kiolezo cha upande wa nyuma ili ionekane. Hifadhi jedwali kama maandishi yanayotenganishwa kwa "tab", si kwa koma. Sentensi za Kiingereza zina koma zake, na faili la koma lisilofungwa vizuri hukatika katikati: nusu ya swali inakwenda kwenye jibu. Chagua UTF-8, ambayo ni namna ya kuhifadhi herufi, la sivyo alama za nukuu zitageuka vijidudu. Leta faili ndani ya Anki, kagua kadi kumi za mwanzo na kumi za mwisho, ndipo utoe fungu la kugawa lenye mwisho wa ".apkg". Wakati wa kulitoa, ondoa alama kwenye sehemu ya kujumuisha ratiba. Ukiiacha, wanafunzi watapokea kadi zikiwa na siku zako wewe, nyingine zikisubiri miezi miwili, na watadhani hazipo.

Ukigundua kosa baada ya kugawa, usisahihishe kwenye jedwali na kuleta upya. Kwa faili la maandishi Anki huitambua kadi kwa sehemu yake ya kwanza. Ukibadilisha sentensi ya mbele, italetwa kadi mpya na ile yenye kosa itabaki. Sahihisha ndani ya Anki, toa ".apkg" nyingine, wagawie. Hiyo itasasisha kadi ile ile bila kufuta maendeleo ya mwanafunzi.

Mwanafunzi anayetumia simu na kompyuta anahitaji akaunti ya AnkiWeb ili zilingane. Mara ya kwanza programu inaweza kuuliza: ipakie kilichopo hapa, au ipakue kilichopo kule? Jibu likikosewa, upande mmoja hufuta mwingine. Sheria rahisi: pakia kutoka kwenye kifaa chenye kadi, pakua kwenye kifaa kitupu.

Pengo la kutoona maendeleo tunaliziba kwa jaribio la Ijumaa la sentensi kumi. Zisiwe sentensi za kwenye kadi. Ziwe jambo lile lile katika mavazi mengine: kama kadi ilikuwa ya sanduku zito, jaribio liwe "The tea is so hot that she cannot drink it." Aliyekumbuka kadi akashindwa hapa amekariri sanduku. Huyo haongezewi marudio, anarudishiwa somo.

Na asiye na simu asiachwe nyuma. Sebastian Leitner alieleza katika miaka ya 1970 namna ya kufanya kazi hii kwa boksi na karatasi. Kata kadi za ukubwa wa kiganja, gawa boksi vyumba vitano. Kadi mpya huanza chumba cha kwanza, kinachosomwa kila siku. Ukipata, inasogea cha pili, kinachosomwa kila baada ya siku 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16. Ukikosa, inarudi chumba cha kwanza, popote ilipokuwa. Kadi 300 hadi 400 hubebeka hivyo bila shida. Zaidi ya hapo kompyuta inashinda.

Mipaka yake

Anki haifundishi insha. Haifundishi muhtasari, ambako kazi ni kuchagua hoja na kubana maneno ndani ya idadi iliyotolewa. Haifundishi kugawa muda wa mtihani. Ikianza kula zaidi ya dakika 20 kwa siku, inakula muda wa vitu hivi, na vitu hivi ndivyo vyenye alama nyingi. Insha moja kamili kwa wiki, kwa saa, kwa kalamu, haina mbadala ndani ya simu.

Tunasisitiza pia usiingize ndani yake mianzo ya insha iliyokaririwa wala maneno ya kujitutumua. Mwanafunzi aliyekariri "plethora" ataitafutia nafasi kwa nguvu, na mtahini ataiona ikiwa imesimama peke yake katikati ya sentensi zinazokosa "-s" ya "he goes". Ile "-s", na kuchanganya "he" na "she" kwa sababu "yeye" wetu habagui, humpotezea alama nyingi kuliko neno kubwa linavyoweza kumrudishia. Kadi ziende huko.

Kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mtihani

Miezi sita ni muda mzuri wa kuanza. Kadi 10 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 22, ni kadi 1,100. Kwa mtahiniwa hizo ni nyingi na nzuri. Aliyebakiwa na wiki nane aache msamiati, achukue vihusishi, kugeuza sentensi na makosa yake mwenyewe tu, kadi 300 hivi.

Muda wa juu kabisa wa kadi kurudi umewekwa siku 36,500, yaani miaka mia. Kwa mwenye tarehe ya mtihani hilo halina maana. Ushushe hadi siku 30, na ufanye hivyo miezi miwili au zaidi kabla ya mtihani, kwa sababu kadi ambayo tayari imepangiwa mbali haivutwi karibu mpaka itakaporudiwa tena.

Wiki tatu kabla, kadi mpya ziwe sifuri. Wiki ya mwisho tumia mafunzo maalumu ya Anki (Custom Study) kuita kadi kwa lebo: jioni moja vihusishi, nyingine kuunganisha sentensi, nyingine tahajia. Ndio maana ile safu ya lebo isiachwe tupu tangu mwanzo.

Siku mbili za mwisho, kadi za kugeuza sentensi zijibiwe kwa kalamu kwenye karatasi kabla ya kufunua jibu, sentensi nzima, na herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Kichwani mtu husema "too heavy for me to lift" akaridhika. Mkono ndio unaoongeza "it".